Chakula cha Bibi Manyoya

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Kabla ya lolote, kidonda kinaendeleaje? Unalala upande gani siku hizi? Unaweza kucheka bila kushika ubavu? Na kaka yetu, hiyo figo uliyompa imemkaa vizuri mwilini? Wifi anasema rangi imemrudia usoni. Lakini wewe unamjua wifi: hata nyumba ikiungua atapiga simu aseme kuna joto kidogo.

Sisi huku ni wazima, ukiacha roho zetu. Mama tangu mlipoondoka chakula hakimpiti. Anakoroga chai mpaka inapoa, kisha anakwenda kuimwaga. Nikimsemesha anasema ameshiba. Ameshiba nini, mimi sijui.

Sasa nikupe habari za watoto wako wa miguu minane, hao buibui wako, maana najua unawawaza hata kama kwenye simu ulijifanya mtu mzima ukaulizia hali ya hewa. Punje, yule mdogo, hana neno. Bibi Manyoya ndiye aliyenikondesha, na nitakueleza yote bila kuficha.

Kwanza nyenje ulioniachia waliisha, na yule mzee wa duka la samaki wa mapambo alikuwa amefunga duka kwa msiba. Jirani yetu dereva wa teksi, kwa huruma zake, akaniletea chupa imejaa panzi aliowakamata kwenye bustani ya zahanati. "Dada, hawa ni bure, tena wamenona." Nikakumbuka ulivyonikanya, kwamba mdudu wa nje asiliwe kabla hatujajua yeye mwenyewe alikula nini. Nikaenda kumuuliza mtunza bustani. Akanijibu, "Dawa tulipiga juzi. Hao ni wale waliogoma kufa." Nilirudi nikawamwagia panzi wote maji ya moto. Dereva kanuna, na mpaka leo salamu yake ni ya nusu mdomo.

Nikazunguka mpaka nikampata muuza nyenje sokoni, nyuma ya wanaouza chakula cha kuku. Mdogo wangu, nilichokiona huko! Walikuwa wamesongamana kwenye ndoo, wengine wamekufa, harufu inapasua pua. Muuzaji akanichotea wale wakubwa kabisa. "Mkubwa ndiye anashibisha," akasema. Nikamwambia mgeni wangu hali kitu kinachozidi tumbo lake. Akaniuliza ni mgeni gani huyo. Nikamjibu, "Wa mdogo wangu," nikaendelea kuchagua mmoja mmoja: anayeruka, mwenye miguu kamili, asiyetoka karibu na mizoga. Watu walinizunguka kama nachagua almasi.

Nyumbani nikawaweka kwenye ndoo safi na matrei ya mayai wajifiche humo, pumba chini, na karoti badala ya maji wasije wakazama. Mama alikuwa anachungulia tu kutoka mlangoni, kanga puani. Kesho yake nikamkuta amechuchumaa na kisu. "Hivi vipande umewakatia kama unalisha ng'ombe," akanigombeza. Tangu hapo ndoo ikawa yake. Mmoja ametoroka anaimba nyuma ya friji. Nilitaka kumsaka, mama akanikataza. Alisema nyumba ilikuwa kimya mno.

Hata ile kazi ya kumponda nyenje kichwa ili asimsumbue Punje, mimi ilinishinda. Nilifumba macho nikaponda kidole changu. Mama akaninyang'anya. "Nimechinja kuku maisha yangu yote, kichwa cha nyenje kitanishinda?"

Sasa nifike pale panaponiuma. Siku ile uliyorudishwa chumba cha upasuaji, asubuhi yake nilikuwa nimemtilia Bibi Manyoya nyenje mzima. Hakumgusa. Alikaa pembeni mwa boksi lake la kioo, tumbo limemvimba na kuwa jeusi, kama mtu aliyeletewa chakula ana kesi mahakamani. Uliniambia asipokula nimtoe mdudu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshika kibano mkononi simu ilipolia.

"Msishtuke," wifi akasema. Neno hilo likitangulia, mtu atafanya nini zaidi ya kushtuka? "Mdogo wenu anavuja damu ndani. Wamemrudisha." Simu ikakatika.

Sikumbuki niliweka wapi kibano. Tulikaa sakafuni mimi na mama, simu katikati yetu. Mama hakulia. Alichukua sketi ya mteja akawa anainyoosha gotini kwa kiganja, anainyoosha tena, mpaka nikaogopa ataitoboa. Wifi alipopiga jioni kusema damu imesimama, tulishukuru Mungu tukalala na nguo tulizovaa. Nyenje? Hata jina lake nisingelikumbuka.

Kulipokucha nikaingia kuwatazama. Bibi Manyoya yuko chali, miguu imekunjamana hewani, na yule nyenje kapanda juu yake anatafuna!

Nilipiga ukelele. Nitakwambia nilichowaza ingawa utanicheka: niliona ni ishara. Niliona kitanda chako. Ndipo maneno yako yakanirudia, kwamba wakilala chali si kufa, wanajivua ngozi, na ngozi mpya ni laini kama utando wa ndani ya yai, mtu asiguse, asitikise boksi. Lakini nyenje hakusikia mawaidha hayo. Nikaingiza kibano. Kikagonga kioo, nikakitoa, nikakiingiza tena.

"Lete hapa," mama akasema nyuma yangu.

"Mama, ukimgusa kidogo tu..."

"Nilikuvika hereni ukiwa mchanga, unarusha kichwa kama samaki. Nyamaza."

Mama ambaye hajapata kusogelea boksi lile! Akazuia pumzi, akashusha kibano taratibu, akambana nyenje kiunoni, akamtoa. Bibi hakuguswa hata unywele. Ila mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umeshatafunwa, kimebaki kipande.

Mama akavuta kiti, akakaa. Cherehani siku hiyo haikulia, na wateja niliwaambia tuna mgonjwa. Tulimtazama Bibi akijivuta kidogokidogo kutoka ndani ya ngozi kuukuu, kama mtu anayevua glovu kwa meno. Alipumzika hata nikadhani basi, kisha akaendelea. Mchana akajigeuza, akasimama. Kachoka, kapauka, miguu saba. Lakini kasimama.

"Atabaki hivyo?" mama akauliza.

Nikamwambia ulinifundisha kwamba wakijivua tena, mguu huota upya.

Akasogeza kiti karibu na boksi. "Na figo, nayo huota?"

"Hapana, mama. Lakini moja inatosha. Daktari alisema."

"Daktari alisema pia hatavuja damu."

Mama akainuka akaenda jikoni. Nikasikia sahani. Alikuwa anakula mkate mkavu, amesimama, na machozi yanamtiririka, lakini anakula. Nilijibanza mlangoni nisimshtue.

Bibi hatapewa chochote mpaka meno yake mapya, ambayo bado ni laini na meupe, yakauke yawe meusi. Ninafanya sawa? Mguu hauvuji maji, nimeutazama kila saa. Nikimpa mapema ataumia? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Wifi alinionya nisikuandikie mambo ya kukutia wasiwasi. Nimekuandikia. Nawe nakuomba nisipate barua ya "sijambo, tumshukuru Mungu." Niambie panapouma na panapouma zaidi. Niambie kama unaogopa. Tumechoka kukisia, na mtu anayekisia huzika watu walio hai.

Msalimie kaka yetu, umwambie anywe maji na aache kumwomba radhi kila mtu. Msalimie wifi, na muuguzi yule mwenye sauti nene aliyekubali kunisomea joto lako kwenye simu. Dereva naye anakusalimu, kwa nusu mdomo wake. Mama hajasema niandike nini. Amesimama nyuma ya kiti changu, ameweka mkono begani kwangu, na hauondoi.

Mungu awafunge majeraha yenu kwa mkono wake mwenyewe, awarudishe wawili kama mlivyotoka wawili.

Ni mimi nikupendaye, tena nikuogopeaye,
Dada yako.