Mshika Ngazi wa Mtaa Wetu

Kabla hakujakucha, mfuniko wa birika huanza kugongagonga, nami nageuka kukuambia ulitoe motoni. Mwaka umetimia, mume wangu, na bado nageuka.

Watoto walitaka kuandika tangazo hili la kumbukumbu yako kwa maneno mazuri. Nimewaambia waniachie. Wewe hukuwa mtu wa maneno mazuri, na mimi sikusoma sana, basi tutaelewana. Tena kuna mtu mmoja ninayetaka atusikie tunavyozungumza.

Ulikuwa fundi rangi, lakini mtaani hakuna aliyekuita fundi. Walikuita Mshika Ngazi. Mtu akija kuazima ile ngazi yako ndefu ya mbao, wewe ulianza kuvaa viatu. Ngazi haiazimwi, ulisema, ngazi husindikizwa. Mkifika kwake, hupandi. Unaweka mguu wako mmoja kwenye kipandio cha chini kabisa, unashika mbao mbili za pembeni, unamwambia mwenye shida apande mwenyewe.

Jirani yetu mshonaji, aliyetaka kubadilisha taa, alikukasirikia siku ya kwanza.

"Babu, si upande wewe? Ndiyo kazi yako hii."

"Taa ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi na miguu iwe yako. Panda, mimi niko chini."

"Na nikianguka?"

"Utaniangukia mimi. Mimi mlaini kuliko saruji."

Alipanda huku akikutukana kwa adabu. Siku hizi anabadilisha taa za mtaa mzima.

Wapo walioona ni uvivu. Mimi niliyekukanda magoti kila jioni nilijua si uvivu. Uliniambia, mtu ukimpandia leo, kesho atakuita tena, na keshokutwa utakuwa umekufa naye bado yuko gizani. Wenzako wakikutania kwa methali, mpanda ngazi hushuka, uliwajibu kwamba mshika ngazi hana pa kushuka, ameshafika.

Siku ya mafuriko ilikuwa mchana, mvua imeshakatika. Maji yalikuja bila kelele nyingi kutoka upande wa mtoni, rangi yake kama chai ya maziwa. Sisi wa mtaa wa juu tulisimama vibarazani. Mtaa wa chini watu walikuwa juu ya meza na vitanda, wanapiga simu, wanaambiwa wasubiri, boti ziko njiani. Wewe ulikuwa umeshaiweka ngazi begani.

"Unakwenda wapi na magoti hayo?" nikakuuliza. "Boti zinakuja."

"Zije. Zitukute tumeshaanza."

"Vijana wapo, waipeleke wao."

"Waipeleke, halafu aishike nani?"

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nimeyageuza mwaka mzima, sijaona baya ndani yake.

Uliisimamisha kwenye ukuta wa karakana ya mshonaji, pale kona ya mtaa wa chini, penye paa bapa la zege. Maji yalikuwa magotini, baadaye kiunoni. Mshonaji alipanda wa kwanza, akawa anawapokea wenzake juu. Amenisimulia mara nyingi, nami humwacha asimulie kwa sababu naona anapata nafuu. Anasema hata pale ulikuwa na utani. Mwalimu alipopanda na mkoba wake wa madaftari, ulimwambia leo watoto wote wamefaulu. Mama mwenye mtoto mgongoni ulimwambia apande taratibu, abiria wake amelala. Hukumbeba hata mmoja. Uliwashikia, wakapanda.

Wa mwisho alikuwa muoka mikate. Ni mnene, anaogopa kwenda juu, na alibaki nyuma kwa makusudi ili wengine watangulie. Hilo watu hawalisemi, mimi nalisema.

"Babu, nitaivunja," akakwambia.

"Ngazi hii imebeba matangi ya maji. Wewe na unga wako ni nini?"

Akapanda huku analia. Alipofika juu alilala kifudifudi ukingoni, akakikamata kichwa cha ngazi kwa mikono miwili, akasema, "Panda, Babu, nimekushikia."

Ukapandisha mguu. Chini palikuwa tope tupu. Ngazi iliteleza upande, na maji yakakuchukua. Tulikupata kesho yake kwenye uzio wa kiwanda cha matofali.

Watu huniuliza kama nimelia. Nimefua mashuka. Nimefagia. Mikono inafanya kazi, mimi niko pembeni naitazama. Binti yetu husema, "Mama, kaa chini kidogo." Nakaa. Nikija kujiona, nimesimama tena.

Lakini macho bado yanaona. Nimemwona aliyekaza bawaba za mlango wetu akaondoka bila kubisha hodi. Mwalimu hupita kila wiki kuniuliza kama nina sabuni, na anajua ninayo. Mtaa wa chini walijenga kuta zao wenyewe wakazipaka rangi kwa brashi zako, na kila aliyepanda alikuwa na mtu chini yake. Mjukuu wetu wa kike ndiye anayeshika sana siku hizi. Ana mguu mzito kama wako, na mdomo kama wako.

Sasa nasema lile ninalotaka yule mtu alisikie. Muoka mikate alikuja hapa mara moja, siku chache baada ya maziko. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyemwachia ngazi." Kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshageuka. Tangu siku hiyo akiniona kwa mbali hukata kona. Tanuri lake limezimwa. Mshonaji anasema anatafuta wa kumuuzia vyombo vyake, ahame kabisa, kwa kuwa hawezi kuishi na watu aliowaulia mzee wao.

Mwambie wewe, uliyekuwa fundi. Miaka yote ile ulisema nini? Ngazi hushikwa chini. Aliye juu anaigusa tu. Hata wangelala pale ukingoni wanaume watatu, ingewaponyoka. Wewe ulilijua hilo ukiwa na mguu kwenye tope, na bado ulimwacha aseme amekushikia, kwa sababu mtu aliyekuwa akilia kwa hofu alikuwa amepata nguvu ya kumshikia mwenzake. Nakufahamu. Ulifurahi.

Tena mshonaji, aliyekuwa karibu naye, aliiona mikono yake. Viganja vyote viwili vilichanika, vipande vya mbao vimeingia ndani ya nyama. Mtu aliyeachia hachaniki viganja.

Hakukuachia, mume wangu. Katika nyumba hii hakuna anayesema alikuachia, na hakuna aliyewahi kusema.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yetu muuguzi na mumewe. Mwanetu dereva wa lori, ambaye bado hawezi kupita pale kona. Dada yako, aliyeanza kusahau, anayeuliza kila Jumapili umepata kazi mtaa gani. Mjukuu wako mshika ngazi na wadogo zake. Na mtaa wa chini wote. Tutakukumbuka hata siku tutakapokuwa tumesahau kila kitu kingine.

Na wewe, bwana mkate, kama umesoma mpaka hapa: mimi nipo nyumbani mchana kutwa, siendi popote. Safari ile hukukaa hata kidogo, na mimi nilikuwa na la kukwambia. Njoo tena, mwanangu.