Omleti ya Viazi ya Queensburgh

Jumamosi, 2 Machi 2013

Nimekosa tena. Teksi mbili, daladala za hapa Durban, kutoka Isipingo hadi Queensburgh, nimefika saa tano na dakika ishirini. Kifungua kinywa kinakwisha saa tano kamili, na omleti ya viazi ya Kihispania iko kwenye ukurasa wa kifungua kinywa. Baada ya hapo haipikwi hata ukipiga magoti. Mhudumu akanionea huruma, akaniita kaka kwa lugha yao. "Eish, bhuti, jikoni wameshafunga." Nikaagiza chai nisionekane mwendawazimu. Nikainywa kwa hasira, ikaniunguza ulimi.

Mke wangu Jeanine ana mimba ya miezi minne na hakuna kinachokaa tumboni. Mwezi uliopita Clémence, mwenzake wa kwaya, alimpeleka kwenye mkahawa huo baada ya kliniki. Akala omleti nzima, haikutoka. Ndicho chakula pekee cha maana kilichokaa tangu Januari. Nesi amesema asipoacha kupungua kabla ya tarehe ishirini atalazwa. Mimba ya kwanza ilianza hivi hivi, kisha tukaipoteza. Siandiki zaidi hapo.

Jumatatu, 4 Machi

Leo nilijiona mjanja. Kuna mkahawa karibu na ofisi yetu ya malori, upande wa bandarini, nao wana omleti ya Kihispania. Nimeagiza ya kubeba. Nikafungua boksi: nyanya, pilipili hoho, kitunguu, yai limekunjwa kama barua. Kiazi hakuna. Nikauliza viazi viko wapi. Akaniuliza kama nataka chipsi pembeni. Sitaki pembeni! Nataka ndani! Watu wakageuka kunitazama.

Juma, Mtanzania wa pale ofisini, akacheka mpaka akashika meza. "Ndugu yangu, unachotafuta ni chipsi mayai yenye pasipoti." Nikamweleza kwamba siyo, kwamba viazi vinakatwa vyembamba na kuiva polepole kwenye mafuta, kisha yai linamiminwa na kugeuzwa zima kama mkate. Nimeshakuwa mwalimu wa chakula nisichowahi kuonja.

Hata hivyo nimeipeleka nyumbani, chipsi za pembeni nilizinunua mwishowe, nimezichomeka ndani kwa mkono. Jeanine akanusa, akakimbilia bafuni. Dada yangu Godeliva, mwenye nyumba tunamoishi, alikuwa anachambua ndagala sebuleni, wale dagaa wakavu anaouza sokoni. Akasema, "Mwanaume aliyezaliwa Ngozi, Burundi, anatembea na mayai ya hoteli kwenye plastiki. Mama angekuona!" Nikacheka naye. Sikufurahi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeipata.

Saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni, kabla hawajafungua. Dakika arobaini kusubiri, maana haiharakishwi. Ikaja ndani ya karatasi ya foili, nzito, ya moto. Nimeipakata teksi mbili kama mtoto mchanga. Nikamwekea Jeanine kwenye sahani nzuri ya dada, nikasimama pembeni kama mhudumu.

Tonge moja. La pili halikufika. Ikatoka yote.

Nikasema maneno mabaya. Nikasema anadeka. Nikasema wanawake wengine wanazaa watoto saba bila omleti ya mtu. Alilia bila sauti, na hiyo iliniudhi zaidi. Dada akaimalizia omleti yeye, akasema haina chumvi.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Baada ya ibada akina mama waligawa chai. Jeanine akala maandazi mawili na kunywa kikombe kizima, anacheka na Clémence. Nikasubiri yatoke. Hayakutoka.

Kwa hiyo anaweza kula! Mbele za watu anakula, mbele yangu anatapika. Sijamsemesha njia nzima. Nina hasira mpaka shingo inauma.

Jumatano, 13 Machi

Kliniki. Amepungua kilo nyingine. Nesi alinitazama mimi, si yeye.

Nimepiga simu kule mkahawani mara tatu wakati wa kazi. Wanaweza kupika bila kitunguu? Hawawezi, mpishi hakubali. Naweza kuchukua ikiwa nusu mbichi nimalizie nyumbani? Yule msichana wa simu akaniuliza kama niko sawa. Siko sawa.

Godeliva anasema mke wangu ana maringo, anatuona washamba. Ameanza kumpikia ndagala wa mawese kila jioni, chungu kikubwa, ili apate nguvu. Jeanine anashukuru, anasema ameshiba, Mungu akubariki. Anaingia chumbani. Nasikia ndoo.

Jumamosi, 16 Machi

Leo sikuagiza ya kubeba. Nimembeba Jeanine mwenyewe hadi mkahawani, maana sina mbinu nyingine. Tukakaa dirishani. Nilimwagizia mimi, kama ilivyo desturi, omleti moja ya viazi, na mimi chai tu, kwa sababu nilikuwa na uhakika tutaondoka na aibu.

Amekula yote. Akala na mkate wangu wa kukaanga uliokuja na chai. Akafuta sahani kwa kidole. Nilimtazama na sikujua nifurahi au nimpige mtu.

Nikaomba bili. Jeanine akaomba maji. Nikasimama. Akaomba maji tena. Alipoomba mara ya tatu nikamuuliza ana nini, na akasema akiwa ametazama meza:

"Cheri, si mayai. Ni ile nyumba. Ndagala iko kwa pazia, iko kwa mashuka, iko mpaka kwa nywele zangu. Ningesema nini? Ni dada yako."

Nimekaa tena kwenye kiti. Nimezunguka Durban nzima nikigombana na wapishi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu mke hasemi chungu cha wifi kinanuka. Anasema ameshiba. Anaweza kufa akiwa ameshiba. Na mimi mume wake ninalala palepale na pua yangu haijui kitu, kwa sababu nimekulia ndani ya harufu hiyo na kwangu ndiyo nyumbani.

Nimeona aibu kubwa. Nimemwomba radhi kwa yale ya Jumamosi iliyopita. Amesema haya, lakini hakunitazama haraka.

Clémence ana chumba nyuma ya nyumba yake, kulekule Queensburgh. Kiko wazi. Kumbe walishakizungumzia wawili hao.

Jumapili, 17 Machi

Nilipaswa kumwambia dada leo. Nilifanya mazoezi bafuni kama mtoto wa shule. Kisha mezani akamwekea Jeanine ile sehemu nzuri, ya juu, yenye nyanya nyingi. Nikasema mvua itanyesha.

Mwoga.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia. Nilikaa naye chini kwenye mkeka, nikasema kwa Kirundi ili isiwe ngumu. Ikawa ngumu zaidi. Nilisema daktari ndiye ameshauri tuhame kwa sababu ya harufu. Hakuna daktari. Mkono wake uliendelea kuchambua, wazima huku, waliovunjika kule. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme fadhila za punda ni mateke, nami nikasirike, tuachane kwa kelele.

Alisema jambo moja tu, akiniita petit, mdogo, kama zamani. "Harufu hiyo ndiyo ilikulipia basi toka Bujumbura, petit."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tumeondoka kwenda kwa Clémence na mifuko mitatu bila kuagwa.

Yeye ana haki. Jeanine ana haki. Nimechoka kuwa katikati ya watu wenye haki.

Jumatano, 20 Machi

Hajapungua. Nesi ametupa wiki moja.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempigia dada simu Isipingo mara mbili. Inaita mpaka inakatika. Nilikwenda hadi sokoni, nikamwona kwa mbali anapimia mteja. Nikarudi. Nilijidharau njia nzima.

Jumatano, 27 Machi

Ameongeza kilo moja. Nesi amepiga mhuri kwenye kadi na kutuambia turudi baada ya wiki mbili, kama watu wengine.

Mchana Jeanine amekula ugali na maharage ya chumvi, sahani nzima, akauliza kama iko mengine. Hayakuwepo. Nikampa yangu. Sasa amelala, dirisha liko wazi, kuna upepo.

Dada amepiga simu saa kumi. Nilisimama kuipokea. Hakunisalimu. Akauliza, "Anakula?"

Nikasema anakula.

Akasema haya, akakata.