Samaki Aliyepewa Jina Lako

Muscat, Jumatatu

Mwanangu Editha,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyie wote hapo nyumbani Shanwe. Unaamkaje mama yangu? Mdogo wako Deo kile kikohozi kimemwachia? Na bibi yako, mguu unamruhusu kufika kanisani au bado anasalia kitandani? Mimi ni mzima, Mungu anasaidia, ila joto la huku ni kama kusimama karibu na tanuri la matofali. Barua hii anakuja nayo Mama Zuhura, mwenzangu wa Tabora, anakwenda likizo kesho. Ataiweka kwenye basi la Mpanda. Kwenye simu mambo haya yananishinda, nalia kabla sijafika katikati.

Nisamehe kwa kukutisha Ijumaa. Nilikuamsha alfajiri nikakuuliza mara tatu kama unapumua vizuri, nawe ukaniuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Kilikuwepo. Acha nikueleze, na usinicheke mpaka umalize kusoma.

Unamjua Bibi ninayemtunza, yule mzaliwa wa Unguja anayecheka Kiswahili changu cha bara. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo refu kuliko kabati letu, limejaa maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe yaliyo hai yanafunguka asubuhi kama maua ya maboga. Mna samaki sita, kamba mmoja mwekundu na konokono wanaolamba kioo. Wale samaki wana majina ya watoto wa Bibi. Watoto wote sita wako nchi za mbali, na kila mmoja alipoondoka Bibi alinunua samaki. Akimaliza kuswali anakaa mbele ya kioo anawasalimia mmoja mmoja. Salma, yule bapa wa njano, ni jina la kifungua mimba, na kweli anawatawala wenzake.

Basi akanikuta naangalia picha yako kwenye simu. Akasema na mimi ataninunulia wa kwangu, aitwe Editha. Fundi wa samaki, Mhindi mmoja mpole anayekuja kupima maji, akakataa. Bibi akanifasiria kwamba tangi limejaa. Nikashangaa, maana ukitazama nafasi ni tele. Kumbe nafasi ya kuogelea siyo inayohesabiwa. Samaki anakula humo, ananya humo, na pumzi anavuta humo humo. Kwenye yale mawe kuna vijidudu vinavyosafisha maji, navyo vina kiasi cha nguvu zao. Hapo nilielewa kwa banda la kuku: wakizidi, harufu inakukaba. Ila kuku unaweza kuwafungulia mlango.

Bibi hakukubali. "Kisamaki kimoja tu kitazidisha nini? Au wewe Mama Editha hukitaki?"

Mwanangu, mtu mzima anakupa zawadi yenye jina la mtoto wako, unaanzaje kusema huitaki? Nikapiga goti, nikasema asante.

Akaletwa. Kadogo kama kidole gumba, keupe, kana mkia wa njano. Salma hakumtaka hata kidogo. Alimfukuza siku nzima mpaka akajificha nyuma ya jiwe, na chakula kikifika huko kimeshaliwa na wengine. Nami unanijua. Mgeni yuko ndani ya nyumba, hajala, mimi nitalalaje? Bibi akipumzika nikawa nadondosha kidogo tena, upande wa lile jiwe. Sikujua kwamba kinachobaki kinaoza.

Ijumaa nilipowasha taa, maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki wote wamepanda juu wanahema, na Editha amelala ubavu chini kwenye mchanga. Hapo ndipo nilipokupigia. Samaki ni samaki, najua, lakini jina ni jina. Bibi alitoka bila viatu anaita Salma, Salma. Akachukua simu naye akawapigia wanawe, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepokea. Wewe ulipokea, mwanangu.

Fundi alikuja na mapipa, akabadilisha nusu ya maji, na Editha akamweka peke yake kwenye ndoo yenye kimashine cha hewa. Hakufa hata mmoja. Nilipomwambia Bibi habari ya kile chakula nilidhani atanifukuza. Kumbe naye alikuwa anaongeza kwa siri, upande wa Salma. Tukacheka huku tunafuta machozi.

Fundi yeye hakucheka. Akasema mmoja lazima arudi dukani, la sivyo wiki ijayo atakuja kuwazoa wote. Bibi akawatazama muda mrefu. Huyu hapana, yule hapana. Salma ni mkorofi, lakini ndiye aliyemfanya aitwe mama.

Nikamwambia, "Bibi, wa kwangu ndiye atoke. Editha ana kwao."

Siku mbili hakunisemesha ila kuniomba dawa na maji ya kunywa, nami nikajilaumu. Zawadi yake nimeirudisha, halafu nimetamka neno ambalo mtu anaweza kulisikia kama wa kwake hawana kwao. Jana fundi akaja kumchukua Editha kwenye mfuko wa maji. Amepona, anazunguka. Bibi akamwambia fundi watabaki sita, hataongeza tena hata akizaliwa mjukuu. Kisha akanigeukia.

"Huyo mwanao ukimpigia, hupokea?"

Nikasema hupokea, Bibi, hata akiwa kwenye cherehani.

"Basi Jumapili ijayo nipigie kwake, nimsikie."

Kwa hiyo mama, Jumapili ukitoka misa kaa karibu na simu. Mwamkie shikamoo, ongea polepole, akicheka Kiswahili chako usikasirike. Halafu muulize hali za wanawe kwa majina, nakuandikia usiyakosee: Salma, Nassor, Khalfan, Zuwena, Harith na mdogo wao Badria. Huku hakuna mtu anayemuuliza.

Nisalimie mama yangu mzazi, mwambie namwombea mguu. Nisalimie mjomba wako Gervas wa Mwamkulu, na mama yako mdogo Skola aliyeolewa kule Mwese, ukipata mtu wa pikipiki anayepanda huko. Deo mfunike usiku.

Ni mimi mama yako anayekuwaza kila saa,
Leokadia