Injini Inayokufa Upepo Ukiwa Nyuma

Snyder, Texas
Jumapili, 9 Machi

Kwako Dada yangu mpendwa Twyla,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji na mapacha, na kwamba theluji ya huko Minnesota imeanza kuwaonea huruma. Huku upepo ni ule ule na vumbi ni lile lile. Marisela wangu anakusalimu sana, na anauliza kama ile sufuria yake ya chuma uliyoondoka nayo Krismasi iko salama, maana hajaisahau. Baba hajambo. Hilo la mwisho lisome mara mbili, Dada. Baba hajambo kabisa.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Sababu nitaitaja mwishoni. Kwa sasa nakuomba jambo moja tu: usiwapigie wale wa nyumba ya wazee ya Lubbock kuthibitisha chumba kabla hujamaliza kusoma.

Unakumbuka yalivyoanza. Lile pikapu lake la dizeli lilipokata roho, Baba alikuwa bado anauguza goti, akanituma mimi nimtafutie jingine. Nilimletea mwezi wa kumi. Siku ya kwanza alifungua boneti, akaona plastiki imefunika kila kitu, akasema hii si injini, hili ni friji, akaibamiza na hajaifungua tena. Lakini alilipenda. Kule kwenye kahawa ya asubuhi, pale kituo cha mafuta, alikuwa akiwatambia wenzake kwamba linakunywa kidogo kwa sababu yeye anajua kukanyaga, si kama wao wenye miguu ya zege. Mjini lilikuwa likizimika kwenye taa za barabarani, na hilo hakulijali, kwani hata la Wendell, mwenzake wa kahawa, linazimika kwenye taa, magari yote ya siku hizi ni hivyo.

Kisha akaanza kusema kwamba injini inamfia kwenye barabara kuu. Si taani, Dada. Yuko maili sabini kwa saa, mguu umetulia, na injini inanyamaza. Gari halipungui mwendo, halitikisiki, halina tatizo lolote, ila injini haipo. Maili moja baadaye inarudi. Mimi nilimwambia hilo haliwezekani. Wendell, ambaye amekuwa jirani yetu tangu mimi sijazaliwa, alilifanya wimbo wa kila asubuhi: "Haya Odell, leo imekufa mara ngapi? Na umeizika wapi?" Baba alikuwa akimjibu, "Cheka tu. Siku ikikufia wewe utalia kama ndama." Baadaye akaacha kujibu.

Tulimpima, kama ulivyoshauri. Mimi na Wendell tulipanda naye kwenda mnadani, tela la ng'ombe likiwa nyuma, na injini haikunyamaza hata mara moja. Baba akasema ndiyo, mkifunga tela haifi. Halafu akakwambia kwenye simu, na ndiyo siku uliyonipigia ukilia, kwamba inakufa barabara ikiteremka, au ikiwa tambarare na upepo unavuma kutoka nyuma, na kwamba upepo ukiwa usoni inakuwa nzima. Ulisema, "Garland, mtu mwenye akili timamu anaweza kusema injini inaogopa upepo?" Na mimi nikasema hapana, hawezi.

Kwa hiyo ukatafuta daktari wa Alhamisi hii na ukatafuta chumba, na mimi nikapewa kazi ya kumnyang'anya funguo za pikapu. Jumanne nilikwenda kuzichukua nikiwa nimejiandaa kwa vita. Hakukuwa na vita. Alikuwa anakula maharage na mkate wa mahindi. Akanyanyuka, akazitundika mwenyewe kwenye msumari wa jikoni, akakaa chini akaendelea kula. Akaniambia, "Nimechoka kubishana. Miaka arobaini sijakosea injini. Kama sasa nasikia vitu visivyokuwapo, basi labda ni kichwa." Baada ya hapo akasukuma sahani, hakumaliza.

Dada, unamjua. Unakumbuka tukiwa wadogo, tuko mezani, anaweka uma chini na kusema pampu namba sita imesimama? Pampu ya kisima cha mafuta, iliyoko nusu maili, nyuma ya kilima, zinanguruma kumi pamoja. Anavaa kofia anakwenda, na kweli ni namba sita. Mtu huyo ndiye aliyeniambia labda ni kichwa. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari langu muda mrefu bila kuliwasha.

Jana Jumamosi aliomba nimpeleke Lubbock akakione hicho chumba. Nikachukua pikapu lake, mimi nikaendesha, yeye akakaa upande wa abiria, kofia mapajani. Kwenda kule, unaijua njia, unapanda, na upepo wa mwezi huu unakupiga usoni njia nzima. Injini ilinguruma mwanzo mpaka mwisho. Nilikosa adabu nikasema, "Unaona, Baba? Iko hai."

Chumba ni kizuri, sitasema uongo. Kisafi, kitanda kizuri, dirisha linatazama maegesho. Yule mama anayetembeza wageni alikuwa mpole mno. Baba aliuliza swali moja tu: kama kutoka pale barabara kuu inasikika. Yule mama akamwambia hapana, asiwe na wasiwasi, madirisha ni mazito, hatasikia hata gari moja. Baba akamshukuru, akavaa kofia yake.

Tukaanza kurudi, sasa upepo uko mgongoni. Tulipokaribia pale barabara inapoteremka genge la Caprock kabla ya kufika mji wa Post, akaniambia nizime redio. Nikazima. Akaniambia nivue kofia. Nikavua. "Sasa legeza mguu. Usiuondoe. Ulegeze, kama umebeba mayai chini ya soli." Nikalegeza. Tulikuwa maili sabini. Akainua kidole kimoja.

"Hiyo hapo," akasema. "Imekufa."

Na kweli, Dada. Ilikuwa imekufa. Nilisikia upepo na matairi, basi. Gari linakwenda maili zile zile sabini, usukani umetulia mkononi, linateremka kimya na mzee wangu ameinua kidole. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kitufe cha usukani, nikakibonyeza mara tatu, na ile picha ikatokea kwenye dashibodi: mshale wa injini umelala kwenye sifuri, na betri ndogo ya kijani inasukuma magurudumu.

Baba aliitazama ile picha. Halafu akanitazama mimi. Akasema, "Garland, umejuaje pa kubonyeza?"

Sasa Dada, kaa chini.

Nilijua pa kubonyeza kwa sababu ni mimi niliyeificha. Lile pikapu ni haibridi. Lina injini ya petroli na lina mota ya umeme, na betri yake iko chini ya siti. Nililichagua kwa sababu lilikuwa imara na halinywi mafuta, na kwa sababu ya goti lake, maana ni laini. Lakini ulimsikia mwenyewe kwenye sikukuu ya Shukrani mwaka juzi, akisema mwanamume wa kaunti hii atakayeendesha gari la umeme aende kanisani kwa miguu, mafuta ndiyo yaliyotusomesha sote. Ningemwambiaje? Kwa hiyo kabla ya kumpelekea nilichukua mashine ya Marisela ya kukaushia nywele na uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, nikaibandua ile nembo ya nyuma. Nikaondoa picha ya betri kwenye dashibodi, ibaki ya mwendo na mafuta. Kitabu cha gari nikakiweka kwangu, chini ya droo ya soksi.

Aliyeniuzia aliniambia umeme unafanya kazi mjini tu, na kwamba kwenye barabara kuu injini haizimiki kamwe. Nilimwamini, na hadi hapo ungeweza kunisamehe. Lakini Baba aliposema habari ya upepo na tela, nilikumbuka ile betri. Nilishuku. Unakumbuka niliwaambia nimelipeleka kwa fundi na hakuona kitu? Sikulipeleka, Dada. Fundi angefungua boneti na siri ingetoka. Nilikaa nalo nyuma ya uwanja wa mpira, nikala baga, nikarudi nikasema fundi hajaona kitu. Uongo wangu huo ndio uliomfanya Baba aanze kujishuku. Wewe ulifanya uliyoyafanya kwa sababu ulidanganywa, na aliyekudanganya ni mimi.

Yote haya nilimwambia Baba kando ya barabara, kwenye lile eneo la kupumzikia lenye meza za saruji. Akashuka, akazunguka nyuma, akapapasa mlango wa nyuma kwa kidole gumba mpaka akapata mahali palipokuwa na nembo, pana gundi kidogo bado. Nikadhani atanizaba kofi, na nilikuwa tayari, umri wangu wote huu. Akasema, "Nimeshaanza kuaga vitu vyangu, Garland. Ijumaa niliaga banda." Halafu akalia. Na mimi nikalia. Malori yanapita, tunalia pale kama watoto, na nilikuwa sijawahi kujisikia vibaya wala vizuri kiasi kile kwa wakati mmoja.

Alipomaliza kufuta uso akaniambia nimpe funguo. Akaendesha yeye. Na unajua alivyo, Dada: kabla ya kufika Post alishaanza kunihoji. Inajizima yenyewe? Nani anaamua? Nikamwambia ni kompyuta, ikiona mzigo ni mwepesi, mteremko au upepo wa nyuma, inaizima petroli na mota inabeba. Ukifunga tela au ukipigwa na upepo wa usoni, mzigo unazidi, injini haiachiwi kupumzika. Akasema, "Ndivyo nilivyowaambia tangu mwezi wa kumi na moja." Na ndivyo alivyotuambia, neno kwa neno.

Toka hapo ikawa mchezo. Alikuwa analegeza mguu taratibu, anainua kidole, injini inanyamaza, anahesabu. Aliwahi kufika maili mbili kasorobo bila petroli, akapiga usukani akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu Mama afariki. Akasema ile haijafa, imemwachia mwenzake abebe. Sijasikia tena habari ya kwenda kanisani kwa miguu. Asubuhi ya leo alikwenda kanisani na pikapu, na baada ya ibada alimpakia Wendell, akampeleka mpaka kwenye mteremko, akamvua kofia kwa mkono wake mwenyewe. Wendell amerudi hana wimbo.

Kwa daktari Alhamisi atakwenda. Mwenyewe anataka, apate karatasi ya kuonyesha kwenye kahawa. Ila chumba, Dada, tafadhali kiachie mwenye kukihitaji. Nami nisamehe. Sina utetezi mwingine zaidi ya kwamba niliona aibu, na aibu ilipokuwa kubwa nikaogopa.

Na sasa ile sababu ya barua. Nilipotaka kukupigia jana, Baba alikataa. Alisema niandike kwa mkono wangu, niweke sahihi, kila neno, hasa la baga, na ataipeleka mwenyewe kwenye sanduku la posta. Ametoka amekwenda kukaa kwenye pikapu tangu nilipoanza ukurasa huu. Sasa hivi nimefungua dirisha nikamwambia awashe tu gari, namalizia. Amenijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Wendell:

"Limewaka zamani, kiziwi wewe! Lete barua!"

Wasalimie wote, na sufuria pia.

Mdogo wako anayekupenda,
Garland Pruitt