Neno la Baba Kwenye Kompyuta ya Zamani

Tononoka, Mombasa
Jumamosi

Dada Loise,

Pokea salamu zetu sote. Mvua imekatika, na mwanangu Stacy amefaulu mtihani wake.

Unaikumbuka kompyuta ya Baba, ile aliyoandikia barua za kanisa? Prosesa yake, ule ubongo wa mashine, iliungua zamani, zikabaki diski tu. Tangu mwaka jana nilikuwa nikijifurahisha kutunga programu ya kuiga prosesa hiyo, amri moja baada ya nyingine, ili diski zile zisomeke. Baba alipopigwa na kiharusi mwezi wa tatu, mchezo ukageuka kazi ya lazima. Hawezi kusema, lakini kila siku alininyooshea diski moja yenye jina lako.

Programu ilikwama mara nyingi. Jana asubuhi niligundua nilikosea amri ya hesabu ya kutoa: ilisahau kukopa kutoka tarakimu ya jirani. Nikarekebisha, Baba ameshikilia kiti changu.

Maandishi yakatokea. Ni barua ya mwaka ule ulioondoka: "Loise mwanangu, nilikosea kukufungia mlango. Nyumba hii ni yako na ya Wekesa mumeo. Nakuomba..." Imekatikia hapo.

"Baba, ulitaka kumwomba nini?" nikamuuliza.

Akaivuta kibodi. Kwa mkono wa kushoto, herufi baada ya herufi, kwa nusu saa nzima, akaandika: "uje".

Dada, daktari anasema huenda Baba asimalize hata mwezi mmoja. Uliniapisha nisikutajie Baba kamwe, ndiyo maana nilinyamaza. Leo nimekivunja kiapo. Nigombeze ukishafika.

Nduguyo,
Gunga