Karatasi ya Baba na Mawe Yasiyorudi

Naivasha, Kenya, siku ya mapumziko

Mama yangu mpenzi,

Wabukire, mama. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana kiti hatuna. Miguu yako imepungua kuvimba? Kaka yangu, Yaya Paluku, bado anakohoa? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na usianze kulia kwa ajili hiyo.

Barua yako nililetewa na yule dereva wa lori anayepita mpakani Kasindi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekasirika upya. Ulimwambia Paluku aniandikie neno la huyo mkuu wa mtaa wetu, hivi: "Chef wa quartier anasema mutu akikosa kurudia, ni kusema amekufa. Anataka aandike ati baba yenu alikufa na malaria, mie nitie kidole kwa karatasi, dossier yake ifungwe. Nitie, ao nikatale? Weye njo ulisoma." Malaria! Baba alikwenda Alimbongo kununua viazi, akiwa mzima kuliko mimi, na wanawake wa soko walimwona akibebeshwa masanduku ya askari kuelekea msituni. Malaria gani hiyo inayovaa buti?

Kabla sijakujibu, nikueleze yaliyonipata hapa, ndipo utaelewa kwa nini nakujibu hivyo.

Hapa wanatoboa ardhi kutafuta mvuke wa kuendeshea mitambo ya umeme. Kazi yangu ni kuosha mawe. Mtambo unasaga mwamba huko chini, tope wanalosukuma shimoni linapanda na vipande vyake, na kila baada ya mita mbili tunachota konzi moja. Naosha, napanga kwenye sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, naandika yametoka kina gani. Ni ile ile kazi yetu ya kuchambua kahawa kule depo, mama, ila hii haikaangwi. Mwanzoni niliaibika: niliandika kina cha pale mtambo ulipofika, nikasahau kwamba vipande vinachukua muda kupanda. Masanduku mawili mazima yakawa ya uongo, nikayapanga upya huku wenzangu wakinicheka.

Sasa nayajua. Juu kabisa ni majivu, na mawe mepesi yanayoelea kwenye beseni. Chini yake jiwe jeusi la volkano, gumu, linalokata vidole. Kisha, amini usiamini, tope la ziwa lililogeuka jiwe, laini, la kijivu, lenye matabaka membamba kama maganda ya kitunguu. Kisha volkano tena. Maana yake mlima ulitema moto, ziwa likaja likakaa juu yake miaka isiyohesabika, likitandaza tope lake polepole, halafu mlima ukatema tena. Na hakuna hata tabaka moja lililofutwa na lile lililokuja juu yake. Napenda kuyaangalia hata wakati wa kula.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunatoka kwenye tope la ziwa kuingia kwenye jiwe jeusi, shimo lilimeza. Tope lilisukumwa chini, juu hakikurudi kitu. Mtambo uliendelea kutoboa, nami nikabaki na vyumba vinane vitupu. Msimamizi wetu, Barasa, akaja mbio.

"Wewe Mkongomani, jaza hapo. Toa kidogo kwa hizo za juu, uweke."

"Bwana, hayo ni mawe ya mahali pengine."

"Nani atajua? Mawe ni mawe. Wageni wanakuja kesho, sitaki sanduku lenye mapengo. Na ukumbuke wewe huna kitambulisho hapa."

Mama, niliogopa, sikufichi. Nilikifikiria chumba ninacholala, na safari ndefu iliyonileta. Lakini niliwafikiria pia wanawake wa depo, kila mmoja akifunga gunia lake kwa uzi wa rangi yake, ili mnunuzi akikuta jiwe ndani ajue ni la nani. Uzi wako ulikuwa mwekundu, na hakuna aliyewahi kuja mlangoni kwetu na jiwe mkononi. Nikachukua kalamu, na kwenye vyumba vyote vinane nikaandika: hakikurudi kitu.

Kesho yake mtaalamu wa mawe, mzee Mutiso, alipita na wageni wake. Akasimama penye sanduku langu.

"Nani ameacha hapa wazi?"

Barasa alinitazama kwa jicho baya. Nikasema ni mimi.

Mzee akavua miwani. "Hapa ndipo penye ufa, binti. Tope limepotelea humo, na mvuke unapita humo humo. Ungejaza, tungepita bila kujua."

Usifikiri nilifanyiwa sherehe. Wageni walipoondoka, Barasa alinitoa kwenye banda la kuoshea mawe, na sasa nasugua sufuria za jiko la wafanyakazi. Nasugua kichwa juu. Sijutii hata chembe, na wakinirudisha bandani kesho nitaandika vile vile.

Basi jibu langu ni hili: usitie kidole. Baba hatujui aliko, wala kama bado anapumua. Kuandika hivyo kunaniuma kuliko kuandika amekufa, maana aliyekufa angalau anasomewa misa. Lakini karatasi ikisema malaria, siku watu watakapouliza ni nani waliokuwa wakichukua wanaume kwenye barabara ya Alimbongo, baba hatakuwamo. Itasemwa alifia kitandani.

Najua mimi niko mbali na bunduki, ninyi ndio mnaosalimiana nazo kila asubuhi. Kwa hiyo usigombane na chef. Mwambie tu, "Mutoto wangu amekatala, mumuulize yeye," na lawama yote nitaibeba mimi. Akishikilia kuandika, aandike kilichotokea.

Nisalimie Yaya Paluku, mwandishi wetu wa barua, anywe dawa. Nisalimie shangazi, tante Katungu, muuza mchicha wetu wa lenga-lenga, na katekista anayekuja kuomba nanyi. Wasingya, mama, kwa kuniuliza kabla ya kutia kidole.

Ni mimi Kavira, binti wa Kasereka aliyekwenda Alimbongo na hajarudi.