Kinanda kimechukua nafasi ya gitaa yangu

Mpendwa mshauri Mama Clothilde, naomba msaada juu roho yangu haitulii, nikikaa nasimama, nikisimama nataka kutoka, hata bibi yangu wa ndoa Mwanahamisi anauliza kama niko na homa. Mimi ni Sadrack, mupiga gitaa wa orchestre ya rock hapa Kisangani, tunapiga nyimbo ndefu za kugeuka-geuka, moja inamaliza hata dakika kumi na tano, na miaka sita gitaa yangu ndiyo iliongoza. Bon, mwaka jana tukaongeza Aurélie wa Lubunga, alikuwa anapiga kinanda kanisani, mwanzo alijaza tu nyuma yetu, kisha wimbo moja ukaanza na kinanda, kisha mbili, leo zote, na Hugues wa batterie, mupiga ngoma wetu, akaniambia mbele ya wote, "Sadrack, hapa uache, kinanda iko inasema yote." Solo yangu wakaikata, na kibaya zaidi, mama, nyimbo zikakuwa nzuri kuliko zamani. Donc Jumapili, mbele concert ianze, nikatoa waya ya kinanda nikaweka ingine yenye kukatika ndani, Aurélie alipoanza kinanda ikakoroma, ikanyamaza, watu wakamuzomea, akashuka analia, akauliza tonton Dady, fundi wetu wa sauti, "Tonton, nilikukosea nini?" Hugues akamufukuza tonton palepale, na mimi nikanyamaza, waya nzima iko ndani ya mufuko yangu. Sasa niache orchestre, ao nipigane wanirudishie nafasi?

Sadrack, pole. Kusikia wimbo uliouongoza mwenyewe unapendeza bila wewe kunauma sana. Lakini ungelia, baba, si kuharibu! Mtu mzima amefukuzwa kazi kwa kosa lako, na wewe unaniuliza habari za solo? Hiyo si homa, ni dhambi inakuchoma, na haitatoka kwa kukaa na kusimama. Leo hii panda pirogue, vuka mto mpaka Lubunga, umwambie Aurélie kwa mdomo wako. Usitume message. Kisha waite Hugues na wengine, tonton Dady akiwepo, useme "Ni mimi," na usiongeze "lakini." Wakikufukuza, kubali. Wakikubakiza, piga hata noti tatu, uzipige vizuri. Na kama noti tatu hazikutoshi, tafuta wenzako wengine, mpige gitaa mpaka vidole vichoke, hakuna atakayekukataza. Ila hayo utaamua tonton Dady akiisha kurudi kazini.